Furu wa mapambo: Kwa nini uchotara unaua bei

Katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, bei zinazoulizwa kila asubuhi ni za sangara, sato, dagaa na mabondo. Furu haulizwi sana. Akipatikana huuzwa kwa fungu, hukaushwa, au huchukuliwa na wavuvi wa ndoano kuwa chambo cha sangara.

Samaki huyohuyo, akiwa hai na akiwa na rangi yake, huuzwa mmoja mmoja katika maduka ya samaki wa mapambo ya Ulaya na Marekani. Mnunuzi wa huko hamli. Humweka kwenye tangi la kioo sebuleni, humtazama, na akipata dume na majike huwazalisha. Kabla ya kulipa huuliza jambo ambalo mchuuzi wa Mwaloni haulizwi: samaki huyu ametoka kisiwa gani?

Jibu la swali hilo ndilo linalobeba bei. Makala haya yanaeleza sababu, na yanaeleza pia jinsi ndoo moja iliyochanganywa ovyo inavyoweza kuondoa thamani ya safari nzima ya uvuvi.

Bidhaa yenyewe

Furu ni jina la jumla la samaki wadogo wa Ziwa Victoria ambao wengi wao hawazidi urefu wa kiganja. Wataalamu wanakadiria kuwa ziwa lilikuwa na aina zaidi ya 500. Ziwa hili lilikauka kiasi cha miaka 15,000 iliyopita, likajaa tena, na karibu aina zote hizo zimejitenga tangu hapo. Kwa hesabu ya maumbile huo ni muda mfupi sana, na ufupi huo una maana yake sokoni, kama itakavyoonekana hapa chini.

Katika miaka ya 1970 furu walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ya ziwa. Walikuwa wengi kiasi kwamba kiwanda kilijengwa Nyegezi kuwasaga kuwa chakula cha mifugo. Kisha sangara, aliyeingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliongezeka ghafla katika miaka ya 1980 na kuwameza. Inakadiriwa kuwa aina 200 hivi zilitoweka au zilikaribia kutoweka. Waliosalimika zaidi ni wale wanaoishi kwenye miamba ya visiwa, mahali ambapo sangara hawindi kwa urahisi. Bahati ilikuwa kwamba hao wa miambani ndio wenye rangi kali zaidi.

Anayejulikana kuliko wote duniani ana jina la Kitanzania. Mwaka 1985 watafiti wa Kiholanzi kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, ambao timu yao ilianza kazi Mwanza mwaka 1977, walimwandika furu mmoja wa Ghuba ya Mwanza kwa jina la Haplochromis nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka 1998 aliwekwa katika ukoo mpya ulioitwa Pundamilia, kutokana na mistari myeusi ya ubavuni. Dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa njano. Jirani yake wa karibu, Pundamilia pundamilia, ni wa rangi ya buluu na kijivu. Majike wa aina zote mbili wana rangi iliyofifia ya manjano na kijivu, na hata mtu mwenye uzoefu hupata shida kuwatofautisha.

Mfanyabiashara aiweke kichwani habari hiyo ya majike. Hasara nyingi za biashara hii huanzia hapo.

Jina la kisiwa ndilo chapa

Katika orodha za wauzaji wa nje, Pundamilia nyererei hauzwi kwa jina hilo peke yake. Jina hufuatwa na mahali: Makobe, Ruti, Python. Dume wa Makobe, kisiwa chenye maji maangavu nje ya Ghuba ya Mwanza, ana wekundu mkali. Wa visiwa vya Python, ndani ya ghuba ambako maji yana tope, rangi yake ni hafifu zaidi. Mfugaji mwenye mbegu ya Makobe humtafuta mwenzake mwenye mbegu ya Makobe na hataki nyingine.

Kwa msomaji anayefahamu kahawa, jambo hili si geni. Kahawa ya Kilimanjaro haiuzwi kwa jina la kahawa tu. Tofauti ni kwamba kahawa iliyochanganywa huishia kwenye kikombe, wakati furu aliyechanganywa huendelea kuzaa.

Utaratibu huu haupo kwa samaki peke yao. Vinyonga wa Madagaska waitwao panther huuzwa kwa majina ya sehemu walikotoka: Ambilobe, Ambanja, Nosy Be. Dume wa Nosy Be ni wa kijani na buluu, na wa Ambilobe huwa na mistari na mchanganyiko wa rangi nyekundu. Majike wa sehemu zote hizo hufanana, wote wakiwa na rangi ya udongo au ya chungwa iliyofifia. Mfugaji akiuziwa jike bila maelezo ya asili yake hana njia ya kumtambua kwa macho. Mwaka 2015 watafiti waliopima vinasaba vya vinyonga hao walipendekeza kuwa kinachoitwa aina moja huenda ni aina 11. Maana yake ni kwamba wafugaji waliokuwa wakidhani wanachanganya rangi, huenda walikuwa wakichanganya aina.

Tanzania nayo ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa vinyonga hai duniani. Biashara hiyo ilifungwa mwezi Machi 2016, Serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Mwezi Juni 2022 ilitangazwa ruhusa ya muda ili wafanyabiashara waondoe wanyama waliokuwa wamebaki mikononi mwao, lakini ilisitishwa mara baada ya kutangazwa. Samaki wako chini ya sheria ya uvuvi na si ya wanyamapori, lakini somo la vinyonga ni kwamba biashara ya viumbe hai inaweza kufungwa kwa tangazo moja.

Chotara wa ng'ombe na chotara wa furu

Wafugaji wa Kanda ya Ziwa wamezoea kuona uchotara kama maendeleo. Ng'ombe wa kienyeji akipandishwa na dume la Friesian, ndama hutoa maziwa mengi zaidi kuliko mama yake na huvumilia maradhi kuliko baba yake. Bei yake sokoni hupanda. Kuku chotara naye hukua haraka kuliko wa kienyeji.

Kwa furu hesabu inageuka, kwa sababu mnunuzi hanunui nyama wala maziwa. Ananunua uhakika kwamba watoto watafanana na wazazi. Uhakika huo ndio unaovunjwa na mchanganyiko, na namna unavyovunjwa inahitaji kueleweka.

Kwa kuwa aina hizi zimetengana juzi tu, damu zao bado zinapatana. Nyekundu akipandana na buluu, watoto huwa wazima na wenye uwezo wa kuzaa. Kizazi cha kwanza hutoka na rangi ya katikati, si nyekundu ya baba wala buluu ya mjomba. Muuzaji mwenye macho huweza kuwatambua na kuwatenga.

Tatizo kubwa liko katika kizazi cha pili. Wale wa rangi ya katikati wakizaliana wenyewe kwa wenyewe, wajukuu hutawanyika: wengine wa katikati, wengine karibu na nyekundu, wengine karibu na buluu. Miongoni mwao hupatikana dume anayefanana kabisa na babu yake. Anaweza kuuzwa kwa bei kamili bila muuzaji kusema uongo wowote anaoujua. Akifika kwa mnunuzi na kuzaa, watoto wake ndio watakaofichua siri.

Ufichuzi huo huchelewa. Jike wa furu huatamia mayai mdomoni kwa takriban wiki tatu, kisha vifaranga huchukua miezi kadhaa kabla madume hayajavaa rangi. Mnunuzi anaweza kukaa karibu mwaka mzima akilisha, akisafisha matangi na kulipa umeme, ndipo atambue kuwa alichonunua sicho. Kufikia hapo huwa ameshawauzia wenzake. Malalamiko yakianza hayarudi kwa mtu mmoja.

Rangi ya siku ya kupokea mzigo nayo si ushahidi wa kutosha. Dume aliyechoka na safari, au aliyenyanyaswa na mwenzake tangini, hufifia hadi akafanana na jike, kama vile kinyonga anavyobadilika akishtuka. Kinyume chake, dume mwenye rangi ya wastani hung'aa zaidi akilishwa vyakula vyenye viini vya rangi nyekundu. Rangi ya chakula hairithiwi. Kwa hiyo wanunuzi wenye uzoefu huacha kutazama samaki na kutazama karatasi: alivuliwa wapi, lini, na kina gani.

Ziwa lenyewe linachanganya

Hadi hapa lawama imeelekezwa kwenye ndoo na matangi. Lakini mchanganyiko mkubwa kuliko wote unafanyika ziwani, na unahusu kila mtu wa Mwanza, awe anauza samaki au hauzi.

Majike wa furu huchagua madume kwa rangi. Jike wa aina nyekundu humfuata mwekundu, na wa aina ya buluu humfuata wa buluu. Uchaguzi huo ndio ukuta unaotenganisha aina mbili zinazoishi kwenye mwamba mmoja. Ili uchaguzi ufanyike, lazima jike aone. Watafiti waliwaweka majike katika mwanga wa kawaida, nao wakachagua madume wa aina yao. Walipowekwa katika mwanga ulioficha tofauti ya rangi, uchaguzi huo ulitoweka.

Tope na mwani hufanya kazi kama mwanga ule. Mwaka 1997 watafiti Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walieleza katika jarida la Science kuwa kuchafuka kwa maji ya Ziwa Victoria kunapunguza idadi ya aina za furu na kufifisha rangi zao, kwa sababu majike hawaoni tena cha kuchagua. Mbolea inayosombwa kutoka mashambani, udongo wa milima iliyokatwa miti na majitaka ya miji hulisha mwani, na mwani huzuia mwanga.

Msafiri wa mtumbwi anaweza kufuata jambo hili kisiwa kwa kisiwa. Makobe mwanga hupenya vizuri, na kifaa cheupe kinachoteremshwa majini huonekana hadi zaidi ya meta mbili. Huko mwekundu na wa buluu ni aina mbili kamili. Ukiingia ghubani, kwenye visiwa vya Python, kifaa hicho hupotea kabla ya kufika meta moja au karibu na hapo. Aina mbili zipo, ila hazijatengana sana. Kissenda maji yana tope zaidi, na mpaka kati yao unalegea. Luanso, ambako kifaa hupotea kwenye nusu meta hivi, hakuna tena aina mbili. Kuna kundi moja lenye samaki wa rangi za katikati. Mwaka 2008 Seehausen na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kuwa hata vinasaba vya macho vya samaki hao hutofautiana kulingana na kina na mwanga.

Mwaka 2017 uchunguzi wa vinasaba uliongeza habari inayowagusa wauzaji moja kwa moja. Ilionekana kuwa nyekundu wa Python si nyekundu wa Makobe aliyehamia ghubani. Kwa asili ya damu yuko karibu zaidi na jirani yake wa buluu wa hapohapo Python. Jozi ya ghubani ilitokana na mchanganyiko wa zamani wa aina za nje, kisha ikajitenga upya. Watafiti sasa humwita samaki huyo "anayefanana na nyererei" badala ya nyererei mwenyewe. Mfugaji aliyekuwa akisisitiza kutochanganya Python na Makobe alikuwa sahihi kuliko alivyojua.

Habari hiyo inaonyesha pia kuwa uchotara wa kale si adui wa furu. Uchunguzi mwingine wa mwaka huohuo ulieleza kuwa wingi wa aina za ziwa hili ulitokana na koo mbili za zamani zilizokutana na kuchanganya damu. Lakini kutengana upya kulihitaji maji yenye mwanga na maelfu ya miaka. Sokoni hakuna mnunuzi wa kusubiri hivyo.

Nani anapata faida

Furu wengi wanaouzwa duniani leo hawajawahi kuyaona maji ya Mwanza. Ni uzao wa mabwawa na matangi ya nje, uliotokana na samaki wachache waliosafirishwa zamani. Mashamba ya samaki wa mapambo ya Florida, Marekani, na wafugaji wa Ujerumani na Cheki huzalisha samaki wa maziwa ya Afrika kwa wingi. Jozi moja ikishauzwa na kuzaa huko, muuzaji wa kwanza hapati senti ya vizazi vinavyofuata.

Kwa hiyo mwekezaji mdogo wa Mwanza asijidanganye kuwa atashindana kwa wingi au kwa urahisi wa bei. Samaki wa mabwawa ya Florida hasafirishwi kwa ndege mbili kabla ya kufika dukani Marekani. Kitu ambacho Florida haina ni Makobe. Matangi ya nje yamejaa samaki waliozaliana ndugu kwa ndugu na wengine waliochanganyika, na wafugaji makini huhitaji damu mpya iliyovuliwa mahali panapojulikana. Hilo ndilo soko la Mwanza. Ni dogo, na linaishi kwa kuaminiwa.

Hesabu ifuatayo ni mfano tu. Tuseme mfanyabiashara ana furu 100, na mnunuzi wa nje amekubali dola 6 kwa kila mmoja kwa sharti la kupewa uthibitisho wa kisiwa. Mapato ni dola 600. Tuseme uvuvi, matunzo, vibali, ufungaji na ndege vinagharimu dola 400. Faida ni dola 200. Sasa tuseme ndoo za visiwa viwili zimechanganywa, na mnunuzi akakubali kuwachukua kama mchanganyiko wa samaki wa Afrika kwa dola 2. Mapato ni dola 200, gharama ni zilezile 400, na hasara ni dola 200. Ndege haitozi nauli nafuu kwa chotara.

Tahadhari kwa anayetaka kuanza

La kwanza ni kibali. Kabla ya kununua hata wavu, mfanyabiashara aende kwenye ofisi ya uvuvi aulize masharti ya kuvua na kusafirisha samaki hai wa mapambo, na ayapate kwa maandishi. Waliokuwa na vinyonga ndani ya vizimba mwaka 2016 wanajua gharama ya kutegemea mazoea.

La pili ni ndoo. Kila kisiwa kiwe na ndoo zake, wavu wake na tangi lake, na kila ndoo iwe na kibandiko chenye jina la kisiwa, tarehe na kina. Majike wasichukuliwe kwa kukisia. Jike asiyejulikana alikovuliwa asiingie katika mzigo.

La tatu ni uvuvi wenyewe. Furu wa vina virefu akivutwa juu haraka hujaa hewa tumboni na wengi hufa baadaye. Wanaofika pwani wapumzishwe, wasilishwe kwa siku moja au mbili kabla ya safari ili maji ya mfuko yasichafuke, na wafungwe kwenye mifuko yenye maji kidogo na oksijeni nyingi.

La nne ni kutovua kupita kiasi. Kundi la kisiwa kimoja chenye miamba michache ni dogo. Madume wekundu wote wakiondolewa kwa msimu mmoja, jina la kisiwa hubaki kwenye orodha bila samaki wa kuliuza.

La mwisho ni kumbukumbu ya sangara. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kufuatia taarifa za uvuvi wa kutumia sumu. Waliotumia sumu walikuwa wachache, lakini viwanda vya nchi zote tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, vilipata pigo. Soko la furu wa mapambo ni dogo zaidi na wanunuzi wake wanafahamiana. Mizigo miwili au mitatu ya chotara yenye jina la Makobe inatosha kuwafanya waliache jina hilo.

Hata hivyo, mfanyabiashara akitimiza yote hayo, bado kuna jambo moja asiloliweza peke yake. Kibandiko cha ndoo kinathibitisha kisiwa, lakini hakizuii tope. Maji ya Makobe yakifikia hali ya maji ya Luanso, hapatakuwa na nyekundu wala buluu wa kutenganisha, hata kwa mvuvi mwaminifu kuliko wote. Mifereji ya Mwanza, vyoo vya kando ya ziwa na mashamba ya mabondeni yanaingia katika bei ya samaki huyu, ingawa hakuna anayeandika gharama hiyo kwenye ankara.